Pasi Iliyopimwa na Bosi

Bwana Shemdoe, mwenye kiwanda cha kushona sare, alimwita fundi umeme Tunu akague pasi za umeme za wafanyakazi, kisha akamkataza kuzipima.

"Bandika tu vibandiko vya SALAMA. Ukikataa, mafundi wapo kibao."

"Zote ni salama, bosi?"

"Zote!"

Tunu akabandika. Halafu akanyanyua pasi yenye waya uliozongwa tepu, akamwita bosi mbele ya washonaji.

"Shika hii, bosi, nikupige picha ya cheti cha usalama."

Shemdoe aliruka nyuma. "Una wazimu? Hiyo inapiga shoti! Juzi ilimrusha mshonaji wangu Mwajabu!"

Tunu akaokota plagi ya pasi hiyo sakafuni. "Mbona haijachomekwa, bosi? Ila ripoti umeshatoa, na mashahidi wamesikia."

Vibandiko alivibandua Shemdoe mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kucha.