Kilo Kumi na Saba

Kitendawili. Ukikibeba kinalala, ukikiweka chini kinaondoka. Usikimbilie kujibu. Yuko mwanamume mmoja, baba wa watoto wawili, aliyedhani jibu lake analijua kama kiganja cha mkono wake, nalo likamtoa jasho ambalo gunia la kilo mia halijapata kumtoa.

Mwanamume huyo alikuwa mchukuzi kwenye maghala ya nafaka. Wenzake walimwita Mizani, kwa sababu alikuwa akilisukuma gunia kwa goti mara moja tu na kutaja uzito wake, wala hakosei ila kilo moja au mbili. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango. Alitoka nyumbani alfajiri kwa njia ya chini, ile inayopita nyuma ya maghala, akarudi jioni mweupe kwa vumbi la unga, akala, akalala kama pono.

Mkewe alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Siku hizo alikuwa nyumbani, amejifungua mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza ana wiki sita. Dada wa mtoto huyo alikuwa na miaka miwili, nao walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Nyumba yao ilikuwa kilimani, mwisho wa ngazi za mawe sitini na mbili. Ukitaka sokoni, unashuka ngazi. Ukitaka zahanati, unashuka ngazi zile zile. Kila mara mama alipoanza kueleza anavyohangaika njiani, mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na mfuko begani, Mizani alimcheka.

"Mama Chiriku, hao wawili ukiwaweka pamoja hawazidi kilo kumi na saba. Mimi nikibeba kilo kumi na saba naona kama kuna kitu nimesahau nyumbani."

Mkewe aliendelea kukunja nepi. Si kila neno lina malipo siku ile ile.

Ikatokea karakana imeleta mashine mpya. Msimamizi akatuma ujumbe kwamba kila fundi afike Jumanne asubuhi ajaribiwe, na asiyefika kiti chake atakikalia mwingine. Jumanne hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya chanjo ya mtoto, na dirisha la kupokea kadi hufungwa saa nne kamili. Kungoja Jumanne nyingine haikuwezekana. Kifaduro kilikuwa kimekwisha kuingia mtaani, na mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa amelazwa, kikohozi kimemkaba hata kulia hawezi.

Mama alikaa kitandani, ujumbe mkononi, asijue ashike lipi aache lipi. Mizani akamwambia asijitese, aende zake kwenye mashine, watoto atawapeleka yeye. Kwani ni kitu gani?

Asubuhi ya Jumanne mkewe alimfunga mtoto mchanga kifuani kwa mbeleko, akakaza kwa fundo lake la pembeni, fundo la fundi cherehani ambalo halifunguki bila idhini. Akamtia mfuko begani, ndani mna kadi, nepi, nguo za akiba na chupa ya maziwa. Huku akifunga alikuwa akieleza: Chiriku asiachiwe mkono, akitaka kushuka ngazi mwenyewe aachwe lakini ashikwe, na wakifika kwenye mtaro pale barabarani yuko mama mmoja... Alipofika kwenye habari za mtaro, Mizani alikuwa keshafika mlangoni.

"Mchukuzi hafundishwi njia," alisema, akacheka, akatoka.

Ngazi kumi za kwanza zilikwenda vizuri, Chiriku begani, baba akipiga mluzi. Ya kumi na moja, Chiriku akataka kushuka. Akashushwa. Ya kumi na tatu, akataka kubebwa. Akabebwa. Ya kumi na tano kiatu kimoja kikadondoka, kikaruka ngazi tatu chini kama chura. Hapo Mizani aligundua jambo ambalo miaka kumi na minne ya uchukuzi haikumfundisha: mtu mwenye mtoto kifuani na mwingine begani hawezi kuinama. Yeye aliyeinua magunia kutoka sakafuni alisimama mbele ya kiatu kisichojaza kiganja, akakitazama, nacho kikamtazama. Akajaribu kukivuta kwa vidole vya mguu. Mtoto mchanga akaamka, akaangua kilio. Chiriku naye, ili mdogo wake asilie peke yake, akamsaidia.

Gunia, hata liwe zito vipi, likikaa begani limekaa. Halipindi kiuno kutazama paka. Halikushiki sikio. Walipofika ngazi ya mwisho, kiatu wamekiacha nyuma, shati lilikuwa limemganda mgongoni, na saa tatu ilikuwa imepita.

Mbele yao barabara, ambayo Mizani hakuwa na kawaida ya kuipita, ilikuwa imechimbwa. Mafundi wa mabomba walikuwa wamepasua mtaro mrefu wenye kina cha kumfika mtu kifuani, na kivuko chake kilikuwa ubao mmoja, mwembamba, unaonesa ukikanyagwa. Mizani akaupima kwa mguu. Yeye na mchanga, ubao utawabeba. Yeye, mchanga, na Chiriku anayejipinda kama samaki mkunga, hapana.

Basi akafanya kama wafanyavyo wachukuzi wote. Mchukuzi mwenye mizigo miwili na njia nyembamba hutua mmoja, huvusha mwingine, kisha hurudi kuchukua ule wa kwanza. Ndivyo alivyovusha maelfu ya magunia, na hakuna hata moja lililompotea. Akamketisha Chiriku juu ya ukuta mfupi, akamwambia akae hapo hapo, asitikisike, baba anarudi. Akavuka polepole, mkono mmoja kwenye kichwa cha mchanga. Akatua mfuko ng'ambo. Akageuka.

Ukutani hapakuwa na mtu.

Kitendawili umekwisha kukitegua, nami sina haja ya kukusaidia.

Mizani hakukumbuka alivyorudi kwenye ubao ule. Kwanza alitazama ndani ya mtaro, maana huko ndiko moyo wake ulikokwenda. Aliona udongo, bomba jeusi na maji yaliyotuama, na maji yale yalikuwa yametulia, na utulivu ule ukamtisha kuliko kelele. Akatazama barabarani, malori yakipita. Aliita. Sauti yake, iliyokuwa ikisikika ghala hadi ghala, ilitoka nyembamba. Alimkumbatia yule wa kifuani kwa mikono miwili kana kwamba naye atatoroka, akawa anazunguka, huku na huko, akiwauliza wapita njia kama wameona mtoto mwenye kiatu kimoja.

Ndipo aliposikia sauti ikieleza jambo refu lisilo na nukta. Ilitoka nyuma ya kibanda cha mbao, hatua ishirini kutoka pale ukutani. Chiriku alikuwa ameketi juu ya kreti lililofunikwa gunia, brashi mkononi, akisugua kiatu cha mtu mzima. Kando yake mwanamke wa makamo, fundi viatu, alikuwa akishona soli, uzi ameubana kwa meno.

Mizani aliruka kumchukua. Fundi viatu akaweka mkono katikati, mkono mweusi kwa rangi ya viatu, mgumu kama kigingi.

"Taratibu, kaka. Mtoto huyu namjua. Wewe sikujui."

"Ni mwanangu."

"Kila mtu akiona kitu kizuri husema chake." Akamgeukia mtoto. "Chiriku, huyu nani?"

Chiriku aliinua macho, akamtazama baba yake vizuri, akasema, "Mizani," kisha akarudi kwenye kiatu chake.

Fundi viatu akasema mizani anayoijua yeye iko sokoni. Ikambidi Mizani aeleze, naye pumzi hana, maneno yakimtoka vipande vipande: mkewe, karakana, chanjo, saa nne. Yule mama hakuyasikiliza sana. Macho yake yalikuwa kwenye mbeleko, kwenye lile fundo la pembeni. Alilijua. Akaondoa mkono.

Kisha akaeleza. Tangu mtaro uchimbwe, mwezi wa tatu huo, mama yao akifika hapo humketisha Chiriku kwenye kreti lile. Yeye fundi hutua kazi na kumshika, mama huvuka na mchanga, halafu yeye humvusha Chiriku kwa mkono. Wakati wa kurudi hivyo hivyo. Ndiyo maana mtoto alipotuliwa ukutani alishuka mwenyewe, akaja mahali pake. Hakupotea. Aliyepotea njia ni mwingine.

"Basi wewe ndiye baba," alisema, akimtazama kuanzia juu hadi chini kama kiatu kinachotaka kubadilishwa soli. "Amepita hapa na tumbo, miguu imemvimba. Amepita na kichanga, mvua ikinyesha. Miezi mitatu. Wewe ulikuwa wapi?"

Mizani aligeuza macho kuelekea zahanati.

"Utanijibu siku nyingine," yule mama akasema, akijifuta mikono. "Dirisha linafungwa. Mbele wewe na huyo mdogo. Huyu nakuletea."

Wakavuka. Ng'ambo, fundi viatu alimkabidhi Chiriku mkononi mwake, akamfunga vidole vyake juu ya vile vya mtoto, kisha akarudi kwenye soli yake bila kungoja shukrani.

Walifika dirishani muuguzi akiwa ameshika komeo. Akaitazama kadi, akamtazama mwanamume yule aliyelowa jasho, na mtoto mwenye kiatu kimoja, akasogea kando wakapita. Mama mmoja kwenye benchi alimpakata Chiriku bila kuombwa, mwingine akamsaidia kufungua lile fundo. Mchanga akalazwa kwenye mizani: kilo tano kasoro kidogo. Chiriku akapimwa naye, kwa kuwa alikataa kuachwa nyuma: kumi na mbili. Mizani alikuwa amekisia sawasawa, lakini kwa mara ya kwanza maishani hakufurahi kupatia. Sindano ilipoingia na mtoto akalia kwa nguvu zote, yeye alifumba macho, akashukuru kimoyomoyo kwa kilio kile, na kwa wote wawili kuwapo, mbele yake, wazima.

Mkewe alirudi saa nane, uso umenawiri. Kiti chake alikuwa amekipata. Mizani hakumficha kitu. Alimweleza kuanzia kiatu hadi ukuta mtupu, naye aliposikia habari za ukuta alimvuta Chiriku mapajani.

"Kwa nini hukuniambia habari za yule mama?" Mizani akauliza.

"Nilikuambia, Baba Chiriku. Ulikuwa mlangoni."

Alisema bila hasira, na hilo likamchoma zaidi. Kesho yake kazini Mizani aliomba kubadilishana zamu na wenzake, awe anaingia mchana kila Jumanne. Walimcheka, wakasema Mizani amekuwa yaya. Akawajibu kuwa bado anajifunza.

Jumanne iliyofuata familia nzima ilishuka ngazi, mama na mchanga mgongoni, baba na Chiriku mkononi, hatua moja moja, kwa mwendo wa mtoto. Kwenye mtaro Mizani hakuelekea kwenye ubao. Alikwenda kibandani, akachuchumaa mbele ya fundi viatu mpaka macho yao yakawa sawa, akamshukuru kwa mikono miwili kwa kila siku ya miezi ile mitatu. Yule mama aliendelea kuvuta uzi.

"Shukrani nimepokea," alisema. "Jibu bado. Ulikuwa wapi?"

Mizani alimtazama mkewe, aliyekuwa akiiweka sawa mbeleko, kisha akasema taratibu, ili naye asikie:

"Nilikuwa papa hapa mjini, dada, najisifu kwa magunia, na mke wangu nikimwona amebeba pamba. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."