Kizibo Kilichobaki Ufukweni

Hapo zamani, ingawa si zamani sana maana pikipiki zilikuwapo, aliishi mwanamke mmoja kando ya Ziwa Viktoria, jina lake Nyangeta. Alikuwa mja mzito. Mvua kubwa ikazoa daraja la kijiji, na uchungu ukamshika asubuhi hiyohiyo. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya ghuba, na mitumbwi yote ilikuwa visiwani ikivua dagaa.

Kilichobaki ni kimashua cha tanga cha shemeji yake, Magesa, alichokiunda kwa kujifurahisha tu, nacho kilikaa juu ya tela uani. Kilikuwa kimejaa maji ya mvua. Yalituama ngamani, chini ya mbao za sakafu, na kwa uzito wake magurudumu ya tela yakazama matopeni. Nyangeta, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, alimtazama mumewe Mafuru na mama mkwe wake Bi Bhoke wakisukuma. Tela halikutikisika.

Magesa hakusukuma. Aliinua pua ya tela, akaiegemeza juu ya jiwe, akazunguka nyuma ya kimashua akang'oa kizibo cha tundu la kutolea maji. Maji yakatoka, ya kahawia, pamoja na vyura. Tela likasogea. Ufukweni akavua suruali isije ikalowa, akaitundika mtini, akakiingiza chombo ziwani akiwa na bukta.

Kizibo kilikuwa mfukoni mwa suruali.

Wote wanne wakapanda, tanga likapandishwa. Wa kwanza kujua alikuwa Nyangeta, maana ndiye aliyelala sakafuni.

"Shemeji," akasema, "mgongo wangu umelowa."

"Ni masalia ya mvua," Magesa akajibu, mkono usukanini.

"Masalia hayapandi, shemeji."

Bi Bhoke akang'oa ubao wa sakafu, akachukua sufuria ya uji. Akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Mkono wa kulia ulipochoka akahamia wa kushoto, akachota, akamwaga. Maji yakazidi kupanda.

Ndipo Mafuru, asiyejua kuogelea na aliyekuwa akitapika tangu tanga lipandishwe, alipotambaa hadi nyuma. Akapapasa chini ya maji, akachomeka kidole gumba kwenye tundu. Akabaki hivyo, maji yakimfika kidevuni.

Nyangeta alihesabu pumzi zake. Hakuogopa sana kufa. Aliogopa mwanawe azaliwe ndani ya maji yale yenye vyura. Akasema, "Atakayetufikisha ndiye atakayemchagulia mtoto huyu jina."

Wote walimsikia. Kila mmoja alikuwa na kazi.

Wakafika. Mtoto wa kike akazaliwa salama, nguo za mama yake zikiwa bado mbichi. Muuguzi hajamaliza kumfunika, watatu wale wakasimama kando ya kitanda.

"Nisingeyatoa maji nyumbani, tungekuwa bado tunasukuma tela," akasema Magesa. "Na usukani niliushika mimi."

"Na tundu uliliacha wewe, kaka," akasema Mafuru.

"Tundu hilohilo ndilo lililotoa maji."

"Mimi nimeliziba kwa mwili wangu. Tazameni." Akaonyesha kidole. Kilikuwa kimevimba, cheupe kama muhogo uliomenywa.

"Umeziba baada ya nani kuchota?" akauliza Bi Bhoke. "Nisingechota, kidole chako kingezama pamoja na mwenyewe. Mimi nimeyatoa maji yaliyokwishaingia. Ninyi mmoja aliyaruhusu, mwingine aliyakawiza."

"Mama, mikono yako ingechoka," akasema Mafuru.

"Ulichoka mmoja. Nilikuwa na mwingine."

Wakamgeukia Nyangeta. Aliwatazama mmoja mmoja: aliyeyatoa maji na kuyafungulia njia, aliyeyachota, aliyeyazuia. Kila mmoja alimdai haki yake, na kila mmoja alikuwa amesema kweli.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza muuguzi.

Nyangeta akamwekea mtoto titi mdomoni.

Haya, ninyi mnaosikiliza, muuguzi bado anasubiri. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?