Mtungi wa Mzee Kibacha

Sogeeni, wajukuu. Wewe Mbonea, muache paka wa watu. Twende basi zamani, zamani ile milima ilipokuwa haijazoea kukanyagwa, na mvua ilikuwa ikiitwa inakuja. Mmefika? Haya.

Kulikuwa na nchi ya milimani, na nchi hiyo ilikuwa na mfereji mmoja. Kichwa cha mfereji kilikuwa juu, penye chemchemi, na mkia wake chini kabisa, katika kitongoji cha Kwamboza. Waliolinda maji waliitwa Walinzi wa Mfereji, na mkubwa wao alikuwa Mzee Kibacha. Waliowalinda walinzi walikuwa Baraza la Wazee. Baraza liliwaweka, Baraza liliweza kuwatoa.

Kwamboza walikuwa na mtu wao barazani, mjane aitwaye Nakiete. Mama huyo alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa jembe, la! Alichoka kuuliza.

Maana mwaka ule mvua iligoma, na maji hayakufika Kwamboza. Maharage ya Nakiete yalijikunja majani. Mkwe wake alikuwa ameshaanza kufunga vyungu, wahamie bondeni wakawe vibarua kwa wafugaji. Siku chache zaidi bila maji, kitongoji kizima kingekwenda.

Nakiete akapanda barazani. "Wazee wangu, maji hayafiki."

"Tutakagua," akasema Mzee Mrindoko, mkuu wa Baraza.

Sasa sikieni walivyokagua, na msicheke. Kwanza walipiga baragumu jana yake. Eti ukimwendea mtu bila kumjulisha ni utovu wa adabu! Kesho yake wakaenda kwenye kichwa cha mfereji, kwenye kivuli, wakakuta mbuzi ameshachomwa na mtungi wa pombe ya miwa umeshajaa. Maji yalikuwa yanaporomoka hapo, meupe, yanapiga kelele. Mzee Mrindoko akachovya kidole.

"Maji yapo," akasema, akaketi kula.

"Huku yapo, mzee," akasema Nakiete. "Kwetu je?"

"Ni fuko, mama," akajibu Mzee Kibacha kwa upole. "Fuko wametoboa kingo huko chini. Tunalishughulikia."

Wakala, wakanywa, wakarudi. Maji hayakufika.

Nakiete akapanda tena. Baragumu likapigwa tena, mbuzi akachomwa tena. "Ni kaa, mama," akasema Mzee Kibacha. "Fuko tumewamaliza, sasa ni kaa. Tunalishughulikia." Wakala, wakanywa, wakarudi. Maji hayakufika.

Jamani! Mimi nikisimulia tu kichwa kinaniuma, sembuse yeye aliyekuwa anayaona maharage yake kila asubuhi.

Akapanda mara nyingine, sauti imemkauka. Baragumu, mbuzi, mtungi. "Sasa ni jua, mama. Jua linakunywa maji njiani. Tunalishughulikia."

Nakiete akapokea kibuyu cha pombe, akaonja. Ilikuwa tamu, nzito. Akaikumbuka miwa ya Kwamboza, iliyobaki vijiti vya kuwashia moto.

"Mzee Kibacha," akauliza, "miwa ya pombe hii umeipata wapi?"

Mwenyeji akiulizwa habari za pombe yake husahau mengine yote. Mzee Kibacha akavimba kifua. "Shambani kwangu, mama, nyuma ya kilima kile. Miwa yangu haijui kiangazi!"

Nakiete akawatazama wazee. Walikuwa wanajaziana vibuyu.

"Wazee wangu, mmesikia?"

"Mama," akasema Mzee Mrindoko, mdomo una mafuta, "chakula cha watu hakihojiwi."

Hapo Nakiete akasimama. Akakunja ngata, akajitwika mtungi wa pombe, akaanza kushuka kwa kuufuata mfereji.

"Mama! Unaipeleka wapi?"

Yeye anashuka tu.

Na wazee wale, ambao tangu wawekwe hawakuwahi kushuka mfereji hata hatua, wakainuka kuifuata pombe. Msicheke, nimewaambia! Wakafuata, Kibacha naye nyuma yao, wakihema, fimbo zikigonga mawe. Nyuma ya kilima wakakuta mfereji umechimbwa tawi, jipya, pana, limepinda kuingia kwenye miwa ya kijani ya Mzee Kibacha. Chini ya tawi hilo mfereji ulikuwa na tope. Chini ya tope, nyufa. Chini ya nyufa, mavumbi, na hapakuwa na tundu la fuko wala gamba la kaa.

Wakafika Kwamboza jua likiwachoma utosi. Nakiete akatua mtungi kwenye tuta la maharage, akauinamisha, akamwaga yote. Ardhi ikaimeza mara moja.

"Kunyweni, maharage yangu," akasema. "Haya ndiyo maji yenu. Yalipitia kwa wazee kwanza."

Mlangoni mkwe wake alikuwa amesimama na vyungu vimefungwa kamba. Mzee Mrindoko akavitazama vile vyungu.

"Kibacha," akasema.

"Mzee, unajua fuko..."

"Fuko gani anayelima miwa?"

Papo hapo Mzee Mrindoko akaamuru tawi lifukiwe siku ileile, na Kibacha akavuliwa ulinzi. Wazee wakageuka kuondoka, wakidhani wamemaliza. Nakiete akawazuia, machozi ya hasira yanamtoka.

"Kibacha aliiba maji. Ninyi mlikuwa macho yetu, wazee wangu. Tuliwatuma mkaone, mkaenda kula."

Maji yalifika kabla ya jioni. Nusu ya maharage ilikuwa imeshakufa, nusu ikainuka, na mkwe akafungua vyungu.

Tangu hapo watu wakalikataza Baraza kupiga baragumu. Lilikagua kuanzia mkiani, likipanda, kila mzee na kiazi chake cha kuchoma mfukoni. Na aliyelalamika njaa aliulizwa: "Kwani umekuja kula?"

Basi, wajukuu, ukitumwa kumchunguza mtu, usile kwake kabla hujaona, na usianzie pale anapokuonyesha yeye.

Kisa nimekitua, atakayekichukua ajitwike. Na wewe Mbonea, nimekwambia muache paka!