Singano Aliyeachiwa na Ardhi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmejibu kama mlionyimwa chakula. Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, ardhi ilipokuwa bado inajibu ikisemeshwa, palikuwa na kijana wa milimani, jina lake Singano. Alikuwa na kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Akaposa binti mmoja, na mama wa binti akamwomba kitu kimoja tu: jiwe la kusagia, alitoe mtoni na kulifikisha mlangoni kwake, juu mlimani.

Singano akalifunga jiwe kamba, akavuta. Jiwe likakwaruza, krrr, likasita. Akavuta tena. Krrr, likasita. Akaitukana ardhi, akaiita king'ang'anizi, kazi yake kushika vitu vya watu.

Ardhi ikamuuliza taratibu anataka nini.

"Niachie," akasema Singano.

"Nikikuachia, nitakuachia wewe na kila utakachogusa."

"Niachie vyote."

Ardhi ikaachia.

"Jiwe likawa jepesi?"

Likawa utelezi mtupu, wanangu. Singano akacheka, akapiga hatua moja. Mguu ukaenda zake, yeye akabaki. Pu! Akainuka. Pu! Akainuka...

"Pu!"

Enhe, mmeshamjua. Na fundo la kamba likafunguka, maana fundo ni kushikana tu. Jiwe likampita likiteremka, likarudi mtoni bila kuaga.

Naye akaanza kuteremka. Akadaka mti, mkono ukachomoka kama uliopakwa mlenda. Akadaka nyasi, zikampitia vidoleni. Kisha akahisi upepo mahali ambapo upepo huwa haufiki. Fundo la shuka lake nalo lilikuwa limefunguka. Akalikumbatia kwa mikono miwili, akaendelea na safari kwa makalio.

"Kuna aliyemwona?"

Mama wa binti alikuwa mtoni akichota maji, pamoja na mashangazi wanne. Mitungi yao ndiyo iliyomsimamisha. Yule mama akatazama kando kwa heshima, akauliza kama kwao mawe huletwa hivyo. Singano akajibu kuwa anapumzika. Wakampa kata ya maji, ikamchomoka, maji yakamwagikia kifuani. Wakamshika mkono ainuke, mkono ukachomoka. Shangazi mmoja alicheka hadi akakaa chini. Singano akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikwisha kuachana naye.

Basi akanong'ona, "Ardhi, nishike. Nilikutukana bure."

"Sema wasikie," ikajibu ardhi. "Matusi uliyatoa kwa sauti."

Akarudia kwa sauti, mbele ya wakwe wote watano. Ardhi ikamshika. Akasimama, akafunga shuka kwa mafundo matatu.

Mama wa binti akamwelekeza atandike magogo ya mviringo chini ya jiwe, kisha afuate njia inayozunguka mlima, asikwee moja kwa moja. Magogo yakabingirika, jiwe likapanda polepole. Jioni likafika mlangoni. Singano akafuta jasho, akauliza harusi ni lini.

"Jiwe nimelipokea," akasema mama. "Mume bado sijamwona."

Wanangu, kinachokukwaza ndicho kinachokusimamisha. Usikitukane kabla hujajaribu kusimama bila hicho.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Inukeni, mkanyage vizuri.