Hesabu ya Saa Sita Mchana

Sogeeni. Mwenye simu aiweke chini, maana ninayosimulia ni mambo ya saa, na sitaki mtu anichungulie saa katikati. Hadithi nitaitoa mimi. Mwisho mtautoa nyinyi, kwa sababu mwenyewe nimeutafuta sana na sijaupata.

Palikuwa na mlima uitwao Kisote, mlima usiopenda kutulia. Kuuzunguka kulijengwa vituo vitatu vya kupima mitikisiko ya ardhi. Kila kituo kilikuwa chumba kimoja cha matofali, sola juu ya bati, seva iliyoandika kila mtikisiko pamoja na saa yake, na mtu mmoja wa kuitunza. Mmoja tu. Kutoka kituo hadi kituo ni mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, tena kama mvua imekuonea huruma.

Kituo cha kwanza alikaa Sekelaga, mwenyeji wa Kyela, na kipaji chake kilikuwa masikio. Alipokuwa kwenye kwaya, mwalimu alimsimamisha nyuma kabisa, si kwa sauti mbaya, bali kwa sababu alikunja uso kila mwenzake alipochelewa kuingia kwenye wimbo.

Kituo cha pili alikaa Mzee Hemedi wa Pangani, na kipaji chake kilikuwa subira. Huyo alikuwa tayari kufungua fundo la uzi kwa siku mbili kuliko kulikata kwa meno.

Kituo cha tatu alikaa Namnyaki wa Monduli, mdogo kwa umri kuliko wenzake, na kipaji chake kilikuwa miguu. Palipomchosha mbuzi, yeye ndipo alipoanza kupata joto.

Mtauliza, kwa nini watu watatu? Mlima ukitikisika, mtikisiko hufika kituo kimoja mapema na kingine baadaye kidogo. Ofisi ya mjini hulinganisha saa za seva zote tatu, ikajua ni upande gani uliotikisika. Mbili hazitoshi. Na tatu zisizopatana ni balaa zaidi, kwa sababu zinadanganya bila haya.

Saa za seva hizo zilitakiwa kusahihishwa na setilaiti. Lakini radi za msimu mmoja ziliunguza vipokezi vyote vya setilaiti, na vipya kila siku waliambiwa vinakuja. Ndipo Mzee Hemedi akabuni njia. Kila siku saa sita mchana wote watatu walifungua redio ya upepo. Yeye alikuwa na saa nzuri ya mkononi, akahesabu, "Tatu, mbili, moja, haya," na kwenye "haya" kila mmoja akabonyeza kitufe na kuirudisha saa ya seva yake mstarini. Vidole vya watu havilingani, lakini ndivyo walivyoishi kwa mwaka mzima.

Hesabu ikiisha, walizungumza dakika kumi. Umekula nini. Umelala vipi. Yule fisi amerudi? Kwa Sekelaga hizo ndizo zilikuwa dakika za kuishi, nyingine zote alizipitisha tu. Alisonga ugali wa mtu mmoja na bado ukabaki. Alikuwa akiiaga seva kila akienda kuchota maji, na siku moja alipotambua kwamba amesimama mlangoni akisubiri imjibu, aliketi kizingitini akalia mpaka ndoo ikasahaulika.

Tena kulikuwa na baba yake, Mzee Asangalwisye, ambaye masikio yalikuwa yanamfia. Kila mwisho wa mwezi Sekelaga alipanda jabali lenye mtandao ampigie. Mwanzoni baba alisema, "Ongeza sauti." Baadaye akawa anauliza, "Nani wewe?" Mara ya mwisho alisimulia habari za migomba peke yake, akamwombea mwanawe usingizi mwema saa nne asubuhi, akakata. Hakuwa amesikia hata neno moja. Simu haikumfaa tena mzee yule. Aliyetaka kuzungumza naye ilibidi akae mbele yake, aisome midomo. Sekelaga alikuwa ameomba uhamisho mara nne, na mara nne akajibiwa avumilie.

Basi mwezi wa nne mvua ikanyesha wiki tatu bila kupumua. Asubuhi moja, saa mbili, Kisote ukatikisika mara tano. Haukupita muda, mkuu wa ofisi ya mjini, Mama Kasuka, akaingia redioni.

"Kumbukumbu zenu nimezipata," alisema. "Zinaniambia kilichotikisika ni katikati ya ziwa, mahali pasipo na mlima. Saa zenu hazipatani. Mteremko mmoja unaachia. Ukiwa wa mashariki, watu wa kijiji cha Lwangu walio chini yake wakimbilie Isiso. Ukiwa wa magharibi, wa Isiso wakimbilie Lwangu. Nikikosea, nitakuwa nimewatuma watu chini ya tope. Nipeni jibu kabla ya saa kumi."

Mama Kasuka alipotoka redioni, Sekelaga alisema, "Kila mtu kwa zamu aweke kipaza sauti kwenye seva yake. Nataka kusikia mlio." Seva zile zililia mara moja kila sekunde. Alifumba macho, akasikiliza mlio wa Mzee Hemedi juu ya mlio wa kwake, kisha wa Namnyaki. "Mzee, wewe umenitangulia kwa nusu sekunde. Namnyaki, robo hivi. Kila saa ina lake."

"Sasa iliyo kweli ni ipi, dada Sekela?" aliuliza Namnyaki.

"Hiyo sikio haliwezi kusema. Anayejua ni setilaiti." Akalitazama kabati. "Kipokezi changu kilifika tangu Februari. Kimo kabatini, kwenye kisanduku chake. Sijakifungua."

"Kwa nini?"

"Kikifungwa kwenye seva, hakuna tena hesabu ya saa sita."

Mzee Hemedi akakohoa. "Changu kiko chini ya kitanda, mwanangu. Kilifika Januari."

"Changu nimekikalia," alisema Namnyaki. "Hapa nilipo. Nimekifanya kigoda."

Stoo ya mjini ilivituma kwa lori la chakula bila kumwambia mkuu, na watu watatu nao hawakumwambia mtu, kila mmoja akidhani dhambi ni yake peke yake. Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo walikwenda kufungua visanduku.

Sekelaga alifunga chake upesi, kikashika setilaiti, na kidole kikawa tayari kwenye kitufe. Mzee Hemedi akamzuia.

"Usiiguse saa. Ukiirusha sasa, kumbukumbu za asubuhi zitabaki na kosa, na hakuna atakayejua ni kosa la kiasi gani. Andika imepotea kiasi gani. Subiri saa nzima, uandike tena, tujue inapotea kwa mwendo gani. Ndipo turudi nyuma kwa hesabu mpaka saa mbili ya asubuhi. Halafu uipunguze mwendo taratibu, ijiweke sawa yenyewe."

"Saa nzima, Mzee? Na watu wako chini ya mlima?"

"Saa nzima, mwanangu."

Nawaambieni kweli, kwa saa ile Sekelaga alimchukia. Lakini alisubiri.

Kwa Namnyaki kulikuwa na shida nyingine. Kituo chake kilikuwa bondeni, kuta za mawe pande mbili, na mlingoti wa antena ulikuwa umechukuliwa na maji. Chini mle setilaiti hazikuonekana. Alifunga antena mgongoni, akaburuta waya wake wote, akapanda genge la mawe ambalo asubuhi ile lilikuwa limetikisika mara tano. Juu hapakuwa na pa kuifunga. Akaishika kwa mikono, juu ya kichwa, kwenye mvua, ile saa nzima aliyoitaka Mzee, huku seva ikijiandikia huko chini, ilikobaki redio. Kila baada ya dakika tano Sekelaga aliita redioni, "Namnyaki, unanipata?" Hakuna aliyejibu, na Sekelaga hakuwahi kuujua ukimya mrefu kama ule, yeye aliyedhani anaujua ukimya.

Saa tisa na nusu ikasikika pumzi. "Nimeshuka. Andikeni."

Zikajumlishwa hesabu za seva tatu, na jibu likawa moja: mashariki. Watu wa Lwangu wakavuka kwenda Isiso na magodoro vichwani, wakalala madarasani. Kesho yake, wakati wa chai, mteremko wa mashariki ukashuka wote. Zilifukiwa nyumba arobaini na mbuzi wasiohesabika. Mtu hakufukiwa hata mmoja.

Wiki iliyofuata Mama Kasuka akawaita redioni. "Nina nafasi moja ya uhamisho, ya kumrudisha mtu kituo cha karibu na kwao. Sina ya pili, na mwaka huu sitapata nyingine. Nimejaribu kuchagua, nimeshindwa. Bila masikio ya Sekelaga tusingejua kwamba kila saa ina lake. Bila subira ya Hemedi tungefuta kosa kabla ya kulipima. Bila miguu ya Namnyaki tungekuwa na seva mbili, na mbili si kitu. Chagueni wenyewe. Kesho saa sita mchana nitasikiliza, mniambie jina moja. Baada ya hapo redio zitakusanywa, maana saa sasa zinajisahihisha." Akaongeza, "Hivi, vile vipokezi vilifika lini?"

"Vilifika, mkuu," alijibu Mzee Hemedi. "La muhimu vilifika."

Jioni ile waliambizana mambo ambayo kwa mwaka mzima hawakuambizana. Mzee Hemedi alisema amebakiza miaka miwili astaafu, na mkewe, aliyemwekea sahani mezani kila siku kwa miaka mingi, sasa ameacha kuiweka. Namnyaki alisema ana mtoto wa miaka mitatu anayebusu simu kila ikilia, lakini mama mwenyewe alipokwenda likizo, mtoto alimkimbia akilia. Sekelaga akaeleza habari za baba yake na migomba. Hakuna aliyesema "basi nenda wewe," wala hakuna aliyesema "nipeni mimi."

Kesho yake, saa sita kasoro dakika moja, Sekelaga aliitazama seva. Saa yake ilikuwa sawasawa, haikumhitaji mtu. Akafungua redio hata hivyo. Wenzake walikuwa wameshafungua.

"Tatu," alianza Mzee Hemedi, kwa mazoea tu. "Mbili. Moja. Haya."

Hakuna aliyebonyeza kitufe.

"Nasikiliza," alisema Mama Kasuka. "Jina."

Sekelaga alikuwa ameshika kipaza sauti. Aliiona midomo ya baba yake ikitembea. Akajua pia kwamba atakayetajwa atakwenda kwa watu, na wawili watakaobaki watabaki bila redio, kila mmoja na ugali wake. Akavuta pumzi, na masikio yake yakasikia wenzake nao wakivuta yao.

Mimi nimefika hapo. Msiniambie wagawane, nafasi ni moja. Msiniambie hakuna anayestahili kwa sababu ya vile visanduku, maana aliyeficha si mmoja, na nyinyi hamjawahi kuiaga seva. Mkuu anasubiri, na wa Isiso na wa Lwangu wote wako hai. Wewe uliyekaa hapo kimya: kipaza sauti kingekuwa mkononi mwako, ungetaja jina la nani?