Kiti cha Mgeni

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani za mwaka juzi tu, palikuwa na ofisi ya kupamba harusi mjini Morogoro. Ofisi hiyo ilifanya mambo yake yote ndani ya programu moja ya kompyuta: humo walitumiana ujumbe, humo walifanya mikutano ya video, humo walisutana. Nayo programu ilinunuliwa kama jamvi. Ukishalitandika, anakaa yeyote anayekuja.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa wenye programu: "Kuanzia Jumatatu utaratibu unabadilika. Kila kiti kitalipiwa. Jazeni fomu, mnataka viti vingapi, na vya nani."

Bosi, Bwana Mkude, aliruka. "Viti nimechongesha mwenyewe kwa fundi wangu, leo nivilipie tena? Hawanipati! Fungieni viti vyote stoo. Kwenye fomu andikeni kimoja tu, changu!"

Tausi wa mapokezi akashika kiuno. "Bosi, ofisi isiyo na kiti cha mgeni ni ofisi ya watu gani?"

"Haya, viwili basi."

Tausi akaandika hivyo hivyo: Mkude, Mgeni.

Jumatatu ikafika. Wee! Ofisi nzima wima. Anayechapa barua, kasimama. Anayekunja vitambaa, kasimama. Anayesinzia, naye kasimama! Na kila aliyefungua programu alikuta imemfungia nje. Bosi mwenyewe, mwenye kiti, yuko njiani kwenda Kilosa, simu haipatikani.

Na saa tisa alasiri Bi Salme wa Maskati atakuwa kwenye video, aonyeshwe mapambo ya harusi ya bintiye. Wasipotokea, kazi inakwenda kwa wapinzani wao wa ng'ambo ya barabara, na ofisi inafungwa. Hapo hata viti vya stoo vitakosa wa kuvikalia.

Mpika chai, aliyeitwa Sikujua, ndiye aliyejua. Aliisoma ile barua, iliyokuwa imebandikwa ukutani, akacheka mpaka birika likamponyoka. "Jamani! Kiti hiki si cha makalio! Ni nafasi ya mtu humo ndani ya programu. Na kimoja kitupu! Ingieni kwa jina la Mgeni!"

Programu ikataka neno la siri.

"Kwenye fomu niliandika 'karibu'," Tausi akasema. "Mgeni huambiwa nini kingine?"

Wakaingia. Bi Salme akaona kwenye kioo pameandikwa "Kiti: Mgeni". "Mgeni! Kumbe mmeniwekea kiti kabla sijafika? Nyie watu mmelelewa!" Hapo Kobelo, mpambaji, akakunjua vitambaa mbele ya kamera. Akavipandisha, akavishusha, akasokota waridi la hariri kwa vidole vitatu, na miguu inamuwaka moto kwa kusimama tangu asubuhi. Bi Salme akapiga kigelegele huko huko Maskati. Kazi wakapewa.

Viti vikatolewa stoo kwa nderemo. Kesho yake Bi Salme akaandika: "Nitumieni mtu mmoja asimamie harusi, yule aliyenipendeza. Tiketi ipo tayari, nasubiri jina tu."

Bosi akafungua programu amwandikishe mtu huyo, maana akiwa Maskati atawasiliana na ofisi humo humo. Ikamjibu: viti haviongezwi mpaka mwaka uishe, na jina la kiti hubadilishwa mara moja tu. Yaani jina litakaloandikwa mahali pa Mgeni, huyo ndiye mwenye kiti, huyo ndiye mwenye Maskati.

Tausi akasema, "Ni mimi! Bila adabu yangu kiti kisingekuwepo. Na mama alilainika kwa jina nililoliandika mimi, kitambaa akiwa bado hajakiona!"

Sikujua akasema, "Ni mimi! Ulikiweka bila kujua umeweka nini. Nisingeicheka ile barua, mngekuwa mmesimama hadi leo, na birika langu lingekuwa zima!"

Kobelo akasema, "Ni mimi! Mama anamwoza binti, haozi jina wala barua. Kigelegele alikipigia waridi langu!"

Wote watatu wanacheka, na wote watatu wanaitaka Maskati kufa na kupona. Bwana Mkude amenyoosha kidole juu ya kibodi, chai inapoa, Bi Salme anauliza mbona kimya.

Nanyi mliokaa raha kwenye viti vyenu, msimwache peke yake. Je, ingekuwa kidole ni chako, ungefuta Mgeni ukaandika nani?