Siku Nane za Tekla

Gidamis wa Masakta hakuwa na kaka wa kumshauri, hakuwa na shamba la kujivunia, wala hakujua kusoma hata jina lake. Ng'ombe alikuwa nao, na mke aliyempenda kama mboni ya jicho. Kilichompungukia kuliko vyote kilikuwa subira.

Mwaka 1958, mkewe Tekla, binti wa Nikolausi wa Endagikot, alipata ukurutu kwenye viwiko. Ngozi ilivimba, ikatoa magamba na kuwasha kama upupu. Mama yake Gidamis akaacha kunywa maziwa aliyoyakamua Tekla.

"Ukoma huo," alisema waziwazi.

Wazee wa ukoo wakatoa siku nane: ngozi isipotulia, mwanamke arudi kwao.

Gidamis alimpeleka mkewe zahanati ya Katesh, kwa Gervasi, dresa mwenye mvi.

"Shikamoo, dresa."

"Marahaba. Lete mikono, mama." Aliichunguza kwa makini. "Huu si ukoma, ni ukurutu." Akatoa tyubu ndogo ya haidrokotizoni, dawa ya kupaka ya kutuliza muwasho, moja kati ya mbili alizoachiwa na daktari. "Pakeni kidogo, utando mwembamba tu, asubuhi na jioni kwa siku saba. Usoni hapana, kwenye kidonda hapana. Na kupaka nyingi hakuharakishi kupona."

Nyumbani, Tekla alipaka kwa ncha ya kidole. Gidamis akakunja uso. Katika ukoo wake mtu akiheshimiwa hupakwa siagi mpaka imchuruzike.

"Huko kwenu Endagikot mafuta mnaazima?" alimtania, kisha akanyoosha mkono. "Siku nane, Tekla! Lete hapa."

"Dresa amesema kidogo."

"Dresa hafukuziwi mke!"

Akaiminya tyubu, akamsiliba mikono mizima hadi mabegani. Kesho yake jioni tyubu ilikuwa bapa kama jani lililokanyagwa na ng'ombe.

Siku mbili ngozi ilipoa, Gidamis akatembea kifua mbele. Siku ya tano muwasho ulirudi kama moto wa nyikani. Dawa ya kuuzima haikuwepo. Tekla alijikuna mpaka damu ikatoka. Siku ya nane wazee walifika, wakatazama mikono ile, wakatazamana.

"Dresa alisema si ukoma!" Gidamis alilia.

"Sisi tunaamini macho yetu," mzee Gidahosh alijibu. "Arudi kwao."

Tekla alifunga mzigo wake. Mlangoni aligeuka. "Mume wangu, ulinipaka kwa mikono miwili. Kidole kimoja kingenibakiza."

Alfajiri Gidamis alikuwa zahanati.

"Imekwisha lini?" Gervasi aliuliza.

"Siku ya pili."

"Siku ya pili! Ulikuwa unapaka siagi harusini?" Lakini alipoona machozi yake, alifungua kabati, akatoa tyubu ya mwisho na karatasi. "Sema, niandike."

Gidamis alisema polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Baba mkwe, shikamoo. Dawa hii ni ya Tekla. Dresa wa huko amwone kwanza, vidonda vikauke. Kisha apake kidogo, siku saba. Usimharakishe. Akipona, nitakuja mwenyewe kumwomba tena, na nitangoja hata mwaka."

Gervasi akatia barua na tyubu ndani ya bahasha, akaifunga kwa ugali badala ya gundi, akampa dereva wa lori la Mbulu lipitalo Endagikot. Gidamis alisimama barabarani hadi vumbi likatulia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.